Bata Mwitu na Umoja wa Wawindaji

Watu wengi hudhani kwamba mwindaji ni mtu wa upweke. Humfikiria akiwa peke yake porini, bunduki begani, asiye na wa kumwuliza kwa nini amepiga au kwa nini ameacha. Pengine dhana hiyo ina ukweli kwa mwindaji wa mnyama mkubwa. Kwa mwindaji wa bata mwitu wa Marekani haina ukweli hata kidogo. Mtu huyo, tangu anapoamka usiku wa manane hata anaporudi nyumbani, yumo mikononi mwa wenzake. Wao ndio waliomfundisha kuwaita ndege, wao waliomwonyesha maji, wao wanaomzuia asifyatue kabla ya wakati, na wao ndio waliotoa fedha pamoja naye ili bata wapate mahali pa kuzalia. Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu hawa, maana ndani yake mna jambo ambalo kila mtu aliyewahi kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi atalitambua mara moja: jinsi watu wasiojuana wanavyoweza kukubaliana kujinyima, na jinsi mapatano hayo yanavyogombaniwa kila siku.

Twende kwanza katika jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani, kwenye mji mdogo uitwao Stuttgart. Jina hilo ni la Kijerumani, kwa kuwa walioanzisha mji huo katika karne ya 19 walikuwa wahamiaji wa Kijerumani. Nchi ya huko ni tambarare, na tangu mwanzo wa karne ya 20 wakulima wake wamelima mpunga. Baada ya mavuno punje nyingi hubaki mashambani. Basi majira ya baridi yanapofika, bata kwa maelfu hushuka kutoka kaskazini, wakaokota mpunga uliomwagika na kupumzika katika misitu ya mialoni iliyofurika maji. Wenyeji hujigamba kwamba mji wao ndio makao makuu ya mpunga na bata ulimwenguni. Mwaka 1936 walianzisha mashindano ya kuita bata, na mshindi wa kwanza alizawadiwa koti la kuwindia lenye thamani ya dola 6 na senti 60. Mashindano hayo yangali yakifanyika kila mwaka mwezi wa Novemba, katika juma la sikukuu ya Shukrani. Kila mshindani hupewa sekunde 90 tu, na katika muda huo sharti awaite bata walio mbali, awabembeleze wanaosita, awarudishe waliokwisha kugeuka, na aige mlio wa bata wanaokula kwa raha bila hofu.

Ufundi huo haupatikani kitabuni. Filimbi ya bata ni kitu kidogo cha mti au cha plastiki chenye ulimi ndani yake, na mtu asiyefunzwa akiipuliza hutoa sauti ya kuwafukuza ndege wa jimbo zima. Kijana huketi kando ya mzee, msimu baada ya msimu, akisikiliza. Jambo la kwanza analofundishwa ni kupuliza. Jambo la mwisho, na ambalo ni gumu zaidi, ni kunyamaza. Bata anapokuwa amekwisha kuinamisha mabawa na kushuka, mwenye kiherehere cha kuendelea kumwita humharibia kila mtu.

Kabla ya mapambazuko watu hao husimama ndani ya maji ya baridi yafikayo magotini au mapajani, wakiegemea mialoni. Mbele yao huelea bata wa bandia. Mmoja katika kundi huwa ndiye kiongozi, na mpaka yeye aseme neno, hakuna anayeinua bunduki. Ndege wa juu sana hapigwi, kwa kuwa atajeruhiwa tu na kwenda kufa mbali bila faida. Aliyeanguka lazima atafutwe, na hapo ndipo mbwa anapofanya kazi yake. Kila mtu huhesabu bata wake mwenyewe. Hairuhusiwi mpigaji hodari kuwajazia wengine mikoba yao. Katika majimbo yaliyo kandokando ya mto Mississippi, kiwango kwa miaka mingi sasa kimekuwa bata 6 kwa mtu kwa siku, tena kwa aina fulani ni pungufu ya hapo. Baadhi ya mambo haya yameandikwa katika sheria. Mengine hayakuandikwa popote, lakini mwenye kuyavunja hujikuta mwaka wa pili hana wa kumkaribisha.

Walakini msomaji asidhani kwamba ilikuwa hivi tangu zamani. Katika karne ya 19 bata wa Marekani alikuwa bidhaa kama samaki au mkaa. Katika ghuba ya Chesapeake, karibu na miji ya Baltimore na Philadelphia, palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuwaua bata ili kuwauza kwa mahoteli makubwa. Bata aliyetakiwa kuliko wote ni yule mwenye mgongo mweupe kama turubai, ambaye nyama yake ilisifiwa sana mezani kwa matajiri. Wauzaji walitumia bunduki za ajabu, zenye mtutu wa zaidi ya mita 2, zisizoweza kushikwa mikononi, bali zililazwa ndani ya mtumbwi. Usiku walisogea kimya kimya kuelekea kundi lililolala juu ya maji, na mshindo mmoja uliweza kuua ndege kwa makumi.

Haifai kuwalaumu watu hao kana kwamba walikuwa waovu kuliko sisi. Wengi wao walikuwa wavuvi maskini wa pwani, na majira ya baridi hayakuwaachia kazi nyingine. Lakini kila mmoja alijua kwamba bata ambaye hakumuua leo, jirani yake angemuua kesho. Katika hali hiyo mtu mwenye huruma hapati kitu ila njaa. Aina moja ya bata wa pwani ya mashariki, aliyeitwa kwa jina la Labrador, ilitoweka kabisa katika miaka ya 1870. Njiwa wa Marekani, waliokuwa wakiruka kwa mamilioni hata kulifunika jua, walikwisha. Wa mwisho wao alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914.

Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, iliyokuwa ikisimamia mambo ya nje ya Kanada, zilitia sahihi mkataba wa kuwalinda ndege wahamao, na sheria ya kuutekeleza ikapitishwa mwaka 1918. Biashara ya nyama ya bata mwitu ikapigwa marufuku, na uwindaji wa majira ya kuchipua, wakati ndege wanaporudi kwenda kuzaa, ukakomeshwa. Mwaka 1935 yalifuata makatazo mengine: kumwaga nafaka majini ili kuwavuta ndege, kuwafunga bata hai kama chambo, na kutumia bunduki yenye kushika risasi zaidi ya 3. Sheria ni sheria; lakini kinamasi ni kikubwa na askari wa wanyama ni wachache. Iliyoitia sheria hiyo nguvu ni aibu mbele ya wenzake mtu. Wauzaji wa zamani wakageuka kuwa viongozi wa wawindaji na wachongaji wa bata wa bandia. Huko Crisfield, Maryland, ndugu wawili vinyozi, Lem na Steve Ward, walichonga bata wa mti kwa ustadi mkubwa hata leo kazi yao imewekwa katika majumba ya makumbusho.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930. Nyika za Dakota na za Kanada, ambazo kila mwaka hujaa madimbwi madogo madogo ya theluji iliyoyeyuka, zikawa vumbi tupu. Madimbwi hayo ndiyo kitalu cha bata wa bara zima, na yalipokauka hapakuwa na vifaranga. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kumkataza mtu kuua hakutoshi. Ndege asiye na maji hawezi kuokolewa na sheria yoyote ya bunduki.

Rais Franklin Roosevelt alimwita Jay Norwood Darling, mchoraji wa katuni wa gazeti moja la jimbo la Iowa, awe mkuu wa idara ya serikali iliyoshughulikia wanyama na ndege. Darling alikuwa mtu wa chama cha upinzani, na katuni zake zilikuwa zimemchoma Rais mara nyingi. Hata hivyo alikubali. Mwaka 1934 ilipitishwa sheria kwamba kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi lazima anunue stempu ya dola 1, aitie sahihi na kwenda nayo mawindoni. Na fedha hizo zitumike kununua na kulinda vinamasi. Stempu ya kwanza Darling aliichora kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka ule ziliuzwa stempu 635,001. Bei imepanda mara nyingi tangu hapo, ikafika dola 25 mwaka 2015, na katika kila dola senti 98 huenda kwenye ardhi. Fedha zilizopatikana zimepita dola bilioni 1, na ardhi iliyolindwa kwa fedha hizo imepita eka milioni 6.

Angalieni sana jambo hili. Kodi iliyotozwa kwa watu wa aina moja tu, na watu hao wenyewe ndio walioishangilia! Si mara nyingi mwandishi wa habari hupata kuandika sentensi ya namna hiyo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1937, baadhi ya wawindaji walianzisha chama kiitwacho Ducks Unlimited. Hoja yao ilikuwa nyepesi: fedha za serikali ya Marekani hazikuweza kuvuka mpaka, ilhali bata wengi wanaopigwa Marekani huanguliwa Kanada. Basi wakakusanya michango kusini ili kujenga mabwawa kaskazini. Kazi ya kwanza ilifanyika mwaka 1938 katika kinamasi kikubwa cha Manitoba kilichokuwa kimekaushwa kwa ajili ya kilimo kisha kikashindwa kuzaa. Michango hupatikana zaidi katika karamu za miji midogo: watu hukusanyika ukumbini, wakala, wakanadi bunduki na picha na bata wa mti, na asiye na fedha nyingi hununua tikiti ya bahati nasibu. Aliyewahi kuhudhuria mchango wa kujenga zahanati kijijini kwetu hatakuwa mgeni katika ukumbi kama huo. Bwawa lenyewe huenda liko kilomita elfu mbili mbali naye, na hatalitia machoni maisha yake yote.

Hata hivyo tusiwapambe watu hawa kuliko wanavyostahili. Umoja wao umekuwa na milango, na milango mingine ilifungwa. Klabu ya bata ya Winous Point katika jimbo la Ohio ilianzishwa mwaka 1856, na nyingine nyingi zilifuata, za wenye mali waliokodi au kununua maji yote mazuri huku mvuvi wa pale akibaki kuwapigia kasia. Joseph Knapp mwenyewe, tajiri wa magazeti aliyekuwa mstari wa mbele kuanzisha Ducks Unlimited, alikuwa na kisiwa chake cha kuwindia, Mackay, katika pwani ya North Carolina. Kisiwa hicho kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1960. Na kwa kweli hiyo ndiyo faida ambayo mfanyakazi wa kawaida aliipata kwa stempu yake: katika hifadhi nyingi zilizonunuliwa kwa fedha za wote, sehemu fulani hufunguliwa kwa yeyote mwenye leseni, awe seremala au mwenye benki.

Ardhi ya wote nayo ina taabu zake. Karibu na Stuttgart kuna msitu wa umma uitwao Bayou Meto, wenye eka zaidi ya 30,000, ambao jimbo lilianza kuununua baada ya vita kuu ya pili. Habari kwamba bata wameshuka mahali fulani husafiri kwa kasi kuliko bata wenyewe, na alfajiri mashua hushindana gizani kuwahi penye ndege. Wenyeji wakalalamika kwamba wageni wa majimbo mengine wamewafunika, na jimbo likawawekea wageni siku maalumu. Kuwinda katika msitu huo hukomeshwa adhuhuri ili ndege wapate kupumzika. Lakini lililo zito zaidi ni la miti. Kwa miongo mingi wawindaji walidai msitu ufurishwe maji mapema ili wawahi msimu. Mialoni, ambayo mbegu zake ndizo chakula cha bata, haivumilii kusimama ndani ya maji kabla haijalala usingizi wa baridi, ikaanza kufa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 2010 wakuu wa jimbo walichelewesha maji. Wapo waliokasirika sana, maana kwa mtu mzima misimu iliyobaki yaweza kuhesabika, na mwaloni mpya wahitaji miongo kadhaa kukua. Wapo pia waliosimama katika mikutano na kusema kwamba heri wao wakose kuliko wajukuu wao.

Ugomvi mkubwa kuliko huo ulikuwa wa marisau. Kwa zaidi ya karne wawindaji walitumia marisau ya risasi, na yale yasiyompata ndege yalizama matopeni. Bata humeza vijiwe ili kusaga chakula chake. Akameza marisau pia, na sumu ikamwua polepole. Mwaka 1959 mtaalamu Frank Bellrose wa Illinois alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege hao hufa kila mwaka kwa njia hiyo. Ikapita zaidi ya robo karne kabla ya kuchukuliwa hatua ya nchi nzima. Wawindaji wengi walipinga. Walisema marisau ya chuma ni ghali, huharibu mitutu ya bunduki za zamani, na hujeruhi badala ya kuua. Hapa umoja ulifanya kazi kinyume: watu walithibitishiana uongo kwa sababu uliwastarehesha. Katazo lilianza kwa awamu, likakamilika nchi nzima mwaka 1991. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba katika msimu wa 1997 peke yake, bata milioni 1.4 walinusurika kwa sababu hiyo. Leo kijana anayeanza kuwinda hajui kwamba babu yake alipigana dhidi ya jambo ambalo yeye huliona la kawaida kama kuvaa viatu.

Jambo jingine linalowaunganisha ni maarifa. Wataalamu huwavisha bata pete ndogo mguuni zenye nambari. Mwindaji anayempata ndege wa namna hiyo hupeleka habari, naye hujibiwa ndege huyo alivishwa pete wapi na mwaka gani; kisha pete huivaa shingoni pamoja na filimbi yake, na wenzake humheshimu kwayo. Wengine huombwa kupeleka kwa posta bawa moja la kila bata waliyempiga, na wataalamu hukaa mezani wakiyapanga mabawa hayo kwa aina, umri, dume na jike. Kwa pete hizo zilijulikana njia kuu nne za angani za bara lile, na tangu mwaka 1955 ndege za abiria wachache huruka kila mwezi wa Mei juu ya nyika kuhesabu bata na madimbwi. Hesabu hizo husaidia kuamua watu wataruhusiwa bata wangapi. Nasi huku tunayo njia yetu: baadhi ya bata wanaoelea katika maziwa ya Bonde la Ufa mwezi wa Januari wameanguliwa Ulaya na Asia, na ndiyo maana mkataba wa vinamasi uliotiwa sahihi mjini Ramsar, Iran, mwaka 1971, unazihusu Kenya na Tanzania sawasawa na nchi za baridi.

Je, faida imeonekana? Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba Marekani na Kanada zilikuwa zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu mwaka 1970, yaani zaidi ya robo ya ndege wote. Ndege wa majani, ndege wa misitu, hata shomoro, wote wamepungua. Lakini bata na mabata bukini waliongezeka kwa asilimia 56. Atakayesema kwamba ni ajabu watu wenye bunduki kuwazidisha ndege wanaowapiga, ajiulize ni nani mwingine aliyekuwa akilipa kila mwaka kwa ajili ya tope.

Na walipaji hao wanapungua. Katika msimu wa 1970 hadi 1971 ziliuzwa stempu zaidi ya milioni 2.4, miaka hii ni kama milioni 1.5. Vijana wamehamia mijini, ardhi ni ghali, na aliyekosa mzee wa kumkalisha kando yake hajifunzi kuita. Wakati huohuo plau haijasimama. Majimbo 48 yaliyoungana ya Marekani yamepoteza zaidi ya nusu ya vinamasi vilivyokuwapo katika miaka ya 1780. Mwezi wa Mei 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria ya maji ya taifa hailindi kinamasi ambacho maji yake hayakuungana juu ya ardhi na mto au ziwa. Madimbwi ya nyika za Dakota hayakuungana na mto wowote. Yamekaa peke yake, moja hapa, jingine kule, katikati ya mashamba ya ngano na soya. Tangu uamuzi huo, dimbwi lisilolindwa na sheria ya jimbo au na fedha za ruzuku ya kilimo hubaki kuwa shauri la mkulima mwenye shamba, na wajumbe wa vyama vya wawindaji hupita nyumba hadi nyumba kwa wakulima hao wakiwa na mikataba mkononi, wakiwaomba wauze haki ya kulikausha kabla hajafika mwenye mabomba.